Tatu

"Kutoka sifuri hadi kumi," namuuliza,
"goti la kushoto lauma kiasi gani?"
Bi Leida Põldsaar anavua soksi za sufi,
anazikunja, anazipanga moja juu ya nyingine kama barua,
anaitazama Tartu dirishani, theluji ya Machi iliyochoka,
na kusema: "Tatu."

Naandika tatu.

Nambandika vidoto vinavyong'aa:
nyonga, paja, goti, kifundo.
Kamera nane zinamwona bila kumwona.
Hazijui kwamba miaka thelathini na mmoja
alipeleka barua kwa baiskeli mitaa ya Karlova
na mbwa wote walimtambua kwa kengele.
Zinaona nukta tu, nukta zinazotembea,
na nukta hazina adabu.
Zinasema mguu wa kulia unakunja vizuri,
wa kushoto unakunja kwa ubahili,
unaigusa sakafu kama mtu anayegusa pasi
kujua kama imepata moto.

Halafu kiti. Mkanda kifuani, mkanda kifundoni.
"Sukuma! Sukuma, bado, bado, sukuma!"
Kulia, mstari unapanda kwenye skrini kama kichuguu.
Kushoto unainuka kidogo, unatetemeka,
unakaa chini.
Theluthi mbili tu ya nguvu za mwenzake.
Paja limekonda kimyakimya,
paja linaloliogopa goti,
goti linalolilaumu paja,
na hakuna ajuaye nani alianza.

"Tatu?" nauliza tena.
"Tatu," kwa tabasamu la mtu anayefunga duka.

Jana alikuja Ülo Kangro, fundi bomba mstaafu,
mla chumvi nyingi, na pengine mtia chumvi pia.
Alisema tisa. Tisa na nusu, andika!
Kisha akaisukuma mashine hadi bolti zikalia,
akashuka ngazi mbilimbili kwenda kuvuta sigara.
Nilicheka. Sikupaswa kucheka.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na riziki yangu mimi ndiyo hii:
kuhesabu kunguni wa vitanda vya watu.

Nikimbandua vidoto, Bi Leida akasema, bila kuulizwa:
"Mama alirudi kutoka Siberia mwaka hamsini na sita
akiwa na vidole saba vya miguu.
Alipiga magoti kwenye matope kung'oa viazi
na sikumsikia hata siku moja akisema ah.
Kumi ni yake.
Mimi kumi nitaitoa wapi?"

Fomu yangu haina kisanduku cha mama.

Nilimwona dirishani akishuka ngazi za nje,
ubavuubavu kama kaa, mkono kwenye chuma baridi.
Ngazi ya nne akasimama
akajifanya anatafuta glavu.
Glavu alikuwa amezivaa.

Zikapita wiki kumi na mbili:
kuinuka kitini bila kushika meza,
mfuko wa mchanga kifundoni, kuinua, kushusha,
kwake ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti,
jirani wa chini akigonga dari kwa ufagio.

Akarudi Juni na kopo la jamu.
Nukta zilikunja. Mstari wa kushoto ulipanda,
ukapanda, ukamkaribia mwenzake
hadi nikaikagua mashine mara mbili.

"Sifuri hadi kumi?"
Safari hii hakutazama dirisha.
Alilitazama goti lenyewe,
akaliwekea kiganja
kama unavyogusa paji la mtoto ukishuku homa.
"Tano," akasema. Kisha: "Usiku, sita."

Naandika tano. Pembeni, kwa penseli, sita.
Profesa atauliza: nguvu zimeongezeka,
mwendo umenyooka, maumivu nayo yamepanda?
Umekosea wapi?
Sijui. Pengine Machi ndiyo iliyokosea.

Nasogea dirishani.
Anashuka. Mguu mmoja, mguu mwingine, uso mbele.
Ngazi ya nne anasimama,
anasugua goti hadharani, waziwazi, bila haraka,
watu wakimpisha kulia na kushoto,
kisha anaendelea.